Muulize Fundi: Gari la kasi lililolala chini ya mkungu

SWALI: Shikamoo fundi. Nina miaka 29, ni mwalimu hapa Moshi. Nimepata Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004 huko kwenu Tanga, iko Raskazone kwa mzee mmoja. Gari ni la mwanawe aliyesafiri, limekaa uani chini ya mkungu mwaka mmoja na nusu. Ni la bluu, lina ekzosi kubwa, beji ya STI nyuma, kilomita 138,000. Mzee anataka milioni 9. Dalali ananiambia nipande basi la usiku, asubuhi nitalikuta limeshawashwa linaunguruma, nilipe, na jioni nile ugali nyumbani kwangu. Gari la namna hii sijawahi kumiliki, nimezoea Passo ya shemeji. Nikague nini kabla sijaondoka nalo?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na neno nililolipigia mstari si ekzosi wala kilomita. Ni hilo la "nitalikuta limeshawashwa". Mpigie dalali leo hii umwambie asiliguse. Gari likishapata moto linaficha mengi: betri iliyokufa, mashine inayogoma kuwaka, moshi wa kwanza wa alfajiri. Wewe unatoka Moshi kuja kukagua hayo hayo anayotaka kuyamaliza kabla hujashuka stendi.

Kuna ule msemo wetu wa Tanga tunaowatania nao wageni: waja leo, waondoka leo. Kwa mgeni wa kawaida ni utani tu. Kwa mtu anayenunua gari la tabo (kile kifaa kinachoisukumia mashine hewa zaidi) lililolala miezi kumi na minane, ni kuja kuacha milioni 9 pembeni ya barabara kabla hujaiona Mombo. Njoo ulale. Vyumba vipo Chumbageni na Ngamiani vya kila mfuko. Siku ya kwanza tazama, uliamshe taratibu, ulitembeze kidogo. Usiku lipoe. Asubuhi ya pili ulisikilize upya, na pesa zitoke baada ya hapo. Mzee akikataa utaratibu huo, chukua basi la mchana urudi zako.

Anza na rahisi, yaani hiyo beji. Beji ya STI, yaani ya ile WRX yenye nguvu zaidi, inauzwa dukani kama vifungo vya shati. Fungua boneti utafute kibati chenye namba ya modeli. Kikisoma GDA, hiyo ni WRX ya kawaida; kikisoma GDB, hapo ndipo STI ilipo. Kisha ingia ndani utazame kichwa cha gia: STI ya mwaka huo ina gia sita za mbele, WRX ina tano. Kule Japani WRX ilitoka na nguvu za farasi 250 na STI farasi 280, lakini farasi siyo habari kubwa. Habari ni gia boksi. Ile ya gia tano ni laini, na vijana wakiondokea kwenye taa kwa fujo meno yake hukatika. WRX ni gari zuri, ninunulie hata kesho. Ila usilipie bei ya STI kwa WRX iliyovalishwa kofia. Ukiwa hapo hapo kwenye boneti, soma namba ya chesisi herufi kwa herufi ulinganishe na kadi.

Kabla halijawashwa, lala chini. Njoo na nguo ya kazi, usione haya. Raskazone ni baharini kabisa, upepo wake una chumvi, na mkungu nao una tabia yake: majani makubwa yanaanguka yanajaa chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu ya kupitisha maji. Yanaoza, maji yanasimama, bati linalika kwa ndani wakati nje rangi bado inang'aa. Chokonoa majani yote utazame. Halafu nenda kwenye matao ya magurudumu ya nyuma, ndipo Impreza hizi zinapopenda kushika kutu. Chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge kitambaa usikwaruze rangi, uipitishe taratibu. Pale inapoacha kushika, chini yake hakuna bati, ni pati, ule udongo wa mafundi rangi wa kuzibia mashimo. Pati ya ukubwa wa kiganja tunaongea bei. Pati pale shokapu zinaposhikia juu, ndani ya boneti, hapo tunaagana.

Fungua na boksi la filta ya hewa. Kuna gari lililolala Chumbageni nililolifungua nikakuta kiota cha panya ndani: sufi ya godoro, maganda ya karanga na kipande cha kanga chenye nusu ya jina lake. Nilicheka mpaka nilipofuata nyaya za nozeli zinazopuliza petroli nikakuta zimetafunwa tatu. Kulala kwa gari ni karamu ya wengine. Na kama ukifungua ukakuta boksi lenyewe limeshatolewa, imewekwa ile filta ya wazi yenye umbo la uyoga, basi muulize mzee kwa adabu mwanawe alibadilisha nini kingine. Ekzosi kubwa na uyoga bila mtu kuipanga upya kompyuta ya gari, mashine inapata hewa ambayo petroli haikupimiwa, na pistoni za Subaru hizi hupasuka kwenye vishikizo vya ringi. Kama boksi la asili na ekzosi ya asili vimehifadhiwa stoo, mwombe vyote. Mimi ningeanza kuvirudisha hata kabla ya kuosha gari.

Sasa mipira, yaani mabomba ya mpira ya maji na hewa. Hapa utaniwia radhi nitakaa kidogo, kwa sababu liliwahi kunikuta mimi mwenyewe, tena nikiwa tayari fundi, ndiyo aibu yenyewe. Nilichukua Celica Dar, ilikuwa imekaa gereji ya mtu muda mrefu. Muuzaji akaniambia imefanyiwa sevisi, nikaona oili safi, nikaridhika. Tulipita Wami vizuri, tukapita Mkata. Kabla ya Kabuku, saa mbili usiku, nikasikia kitu kimefanya "puu" na kioo kikajaa mvuke. Mpira wa juu wa rejeta umepasuka. Nilipoushika mkononi kesho yake ndiyo nikaelewa: kwa nje unang'aa kama ngozi ya kambare, lakini ukiubana kwa vidole unalia kre-kre, na ndani umejaa mipasuko midogo kama udongo wa kidimbwi kilichokauka. Mpira ukikaa bila kazi hukauka, halafu unapewa presha na moto kwa siku moja baada ya mwaka mzima. Usiku ule niliuviringisha na kipande cha tyubu ya baiskeli, nikalegeza kifuniko cha rejeta ili presha isipande, mama mmoja akanipa maji ndoo mbili na akakataa pesa, nikatambaa hadi Segera. Mpira ule bado nimeuning'iniza kwenye msumari hapa gereji. Kila kijana anayekuja kujifunza kazi namfanya aubane.

Kwa hiyo mwalimu, bana kila mpira unaofikika: wa maji juu na chini, ile midogo ya kwenda kwenye hita, na ya hewa ya tabo. Unaolia, unaonata vidole au uliovimba karibu na klempu, ubadilishwe Tanga, usiupeleke Same.

Petroli iliyomo imwage yote. Ya mwaka na nusu inanuka kama vanishi na inaacha gundi kwenye nozeli. Badilisha oili na filta yake ingali baridi, betri weka nzima. Halafu, hili wengi hawalifanyi, chomoa fyuzi ya pampu ya petroli na uzungushe staata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izimike kwenye dashibodi. Oili yote ilishateremka chini zamani, na beringi za tabo hazipendi kuamshwa kavu. Rudisha fyuzi, sasa washa.

Simama mbele, mtu mwingine awashe. Mashine ya Subaru imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, na ikiwa baridi unaweza kusikia mlio mkavu mwepesi wa kugonga, tok-tok-tok. Ni pistoni inacheza kidogo kabla chuma hakijatanuka. Ikipotea baada ya dakika chache wengi tunaishi nayo. Mlio wa kuogopa ni ule unaokuja mashine ikishapata moto, mzito, wa chini, kama mtu anagonga mlango kwa goti, na unazidi ukikanyaga mafuta. Hizo ni beringi za konrodi, na kwa WRX ndio ugonjwa unaozika mashine. Ukiusikia, zima gari, mshukuru mzee, kunywa chai yake, ondoka.

Moshi unaujua: wa bluu ni oili, mweusi ni petroli nyingi, mweupe mzito unaonukia utamu ni maji ya rejeta yanaungua. Mvuke mwepesi unaoisha upesi usikupe presha. Tazama pia chini ya kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta utando kidogo kama chai ya maziwa kwenye shingo tu, unaweza kuwa unyevu. Ukikuta maziwa kwenye kijiti cha kupimia oili, hapo maji yameingia kwenye oili.

Breki utazikuta na kutu kwenye diski, hiyo inafutika yenyewe ukitembea. Mafuta ya breki badilisha, yanavuta unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Klachi nayo inaweza kuwa imenata kwenye flaiwili. Usiogope mara ya kwanza, wala usilazimishe gia.

Matairi usiangalie vifundo tu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Tairi zee lililokaa juani lina mipasuko kama kisigino cha mkulima, na barabara ya Hedaru saa saba mchana italimaliza. Na kwa kuwa gari hili linavuta kwa miguu yote minne, matairi yote yawe ya saizi moja na yamelika karibu sawa. Mawili mapya na mawili yaliyokwisha yanachosha difu ya katikati. Kwenye Passo ya shemeji ungeweza kuchanganya, huku usifanye.

Mchana huo lipeleke gari Muheza urudi. Usikanyage kwa nguvu mpaka sindano ya joto itulie, kisha itazame: ikishatulia isicheze tena. Kwenye gia ya nne, mwendo wa 60, kanyaga mafuta yote kwa muda mfupi. Mzunguko ukipanda na mwendo ukabaki pale pale, klachi imekwisha. Ingiza gia ya pili ukiwa umechangamka kidogo, sikiliza kama inasaga. Muheza simama, nunua machungwa, weka kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko mengine, breki yake imekamata. Ukirudi Raskazone usizime hapo hapo. Liache silensa, linawaka bila kukanyagwa mafuta, dakika moja au mbili, tabo ipoe na oili ikipita. Linapounguruma hivyo tazama chupa ya akiba ya maji: mapovu yakipanda mfululizo, gasketi ya silinda hedi imekwenda.

Halafu tandaza boksi la kadibodi chini ya mashine, uage, ulale.

Asubuhi njoo na tochi kabla mzee hajamaliza kahawa. Soma boksi: tone moja mbili za oili kwa gari la miaka yake si kesi, lakini kidimbwi ni kesi, na doa la kijani au jekundu la kulanti (maji ya rejeta) ni kesi kubwa zaidi. Pima oili. Fungua rejeta ikiwa baridi kabisa, uone maji yameshuka au la. Shika boneti, iwe baridi kiganjani. Washa. Likiwaka kwa mara ya kwanza bila kusuasua, likakaa silensa bila kumisi, mlio mwepesi ukapotea na mzito usije, hapo ndipo uanze kuongea bei na mzee. Siyo jana yake.

Bado mkanda wa taiming. Kwenye mashine hizi ni wa kubadilishwa kilomita 100,000, na wewe unaambiwa 138,000. Ukikatika, pistoni na valvu zinagongana. Mzee akikupa stakabadhi au ukaona stika ya tarehe ndani ya boneti, sawa. Akikupa maneno tu, hesabu kwamba haujabadilishwa, toa gharama yake kwenye milioni 9, na ubadilishe hapa hapa pamoja na puli zake. Kama kifaa hakipo Tanga kitaletwa na basi la Dar, ni siku moja zaidi ya kula samaki wetu. Shule wataelewa.

Karatasi nazipitia haraka. Kadi ina jina la mwana, na mwana yuko safarini. Kwa hiyo mzee awe na hati ya uwakilishi, si undugu tu. Mkataba usainiwe kwa mwanasheria, na kadi ihamishwe TRA. Faini za trafiki za gari zinaangaliwa mtandaoni kwa namba yake, angalia kabla hujalipa, mwenye ekzosi ile huwa hakosi historia. Bima ya gari lililolala imekwisha, kata mpya kabla ya kutoka getini.

Njiani ondoka alfajiri. Ni kama kilomita 350 hadi kwako, na joto la Mkumbara mpaka Same si la kulijaribia mashine usiyoijua. Simama Segera ufungue boneti unuse: harufu ya oili inayoungua kwenye ekzosi itakuwa imeshajitokeza. Simama tena Mombo. Beba lita mbili za oili, maji, mpira wa rejeta wa ziada, klempu na tochi. Zima redio saa ya kwanza. Tabo utaifaidi Moshi ukishalifahamu gari. Na vijijini ni 50, wenye tochi hawajali kama ulikuwa unasikiliza beringi.

SWALI: Fundi, kaka yangu kapata Mazda RX-8 kwa mtu hapa Bagamoyo, anataka kuiendesha hadi Dodoma. Kila tukienda kuiona muuzaji anaitoa nje ya geti, anaizima, na haiwaki tena. Anasema ni betri.
Dada mtu, Bagamoyo

JIBU: Dada, inawezekana hata si betri. RX-8, iliyotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2012, haina pistoni. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka, mashine ni ya cc 1,300 na ushee lakini inakula petroli kama lori. Ukiiwasha ya baridi, ukaisogeza hatua kumi na kuizima, petroli inabaki ndani inalowesha plagi na kuosha oili kwenye sili za rota. Haiwaki. Mwambie asiizime mpaka ipate moto kamili.

Kipimo cha kaka yako ni kimoja: waitembeze nusu saa, waizime, wakae dakika kumi wanywe soda, waiwashe. Ikiwaka mara moja, kuna mazungumzo. Ikizungusha weee ndipo ishike, kompresheni (nguvu ya mashine kubana hewa) imekwenda, na hapo mashine ni ya kufungua yote. Atafute fundi mwenye geji ya kupima kompresheni ya rota, ya kawaida haisomi vizuri. Na oili itapungua hata ikiwa nzima, imeundwa kuinyunyiza ndani iungue. Apime kila akijaza petroli.

Safari asiianzie kwa Dodoma. Aende Msata kwanza, ni kilomita 64 za lami, aizime pale, anywe hiyo soda, aiwashe. Ikigoma, Bagamoyo bado ni jirani na gari la kuivuta halitamfilisi.